Mizani ya Wimbo

Hakuna mabishano yaliyo mepesi kuanza na mazito kumaliza kama mabishano juu ya uzuri. Watu wawili wakibishana juu ya urefu wa ukuta, kamba huwapatanisha. Wakibishana juu ya uzito wa gunia, mizani huwaamua. Lakini wakibishana juu ya wimbo ulio bora, kamba yao iko wapi, na mizani yao iko wapi? Wengi husema kwamba haiko, na kwa hiyo mabishano ya namna hiyo ni kupoteza wakati bure. Mimi sisemi hivyo. Nasema, msomaji wangu, kwamba mizani ipo, ila si moja. Na ugomvi mwingi hutokea kwa sababu kila mtu ameshika mizani yake akidhani mwenzake ameshika ile ile.

Ili neno hili lisielee hewani, nitalipa mfano. Nao ni mabishano yaliyodumu miaka mingi baina ya mashabiki wa mwimbaji wa Uingereza, David Bowie. Hawabishani kama alikuwa mwimbaji mkubwa. Hilo wamekwisha kukubaliana. Wabishana juu ya nyimbo alizozitoa kati ya mwaka 1983 na mwaka 1987, miaka ambayo aliuacha muziki mgumu akaimba muziki wa kupendwa na umati. Katika nyimbo hizo, upi ni bora? Na je, uko ulio bora hata kidogo?

Bowie alizaliwa London tarehe 8 Januari 1947, akaitwa David Jones. Mwaka 1969 alijulikana kwa wimbo wa msafiri wa angani uitwao Space Oddity. Mwaka 1972 alijigeuza kiumbe wa kubuni aitwaye Ziggy Stardust, akapaka uso rangi na kuwashangaza wazee wa nchi yake. Kisha akakaa Berlin, akatoa muziki mzito, mwingine usio na maneno kabisa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo sababu yetu ya kumkumbuka katika zama zile: katika santuri yake ya mwaka 1979 iitwayo Lodger umo wimbo African Night Flight, alioutunga baada ya kuizuru Kenya, na ndani yake yasikika maneno ya lugha yetu. Alikuwa mtu wa kubadilika kama kinyonga, na wafuasi wake walijivunia kubadilika huko.

Mwaka 1983 akabadilika tena, lakini safari hii si wote waliofurahi. Alikuwa ameiacha kampuni yake ya zamani na kuingia mkataba mpya na EMI. Akamwendea Nile Rodgers, Mmarekani mweusi, mpiga gitaa wa kundi la Chic na fundi mkubwa wa muziki wa dansi, akamtaka amtengenezee nyimbo zitakazovuma. Yasimuliwa na Rodgers mwenyewe kwamba Bowie alimpigia wimbo mmoja kwa gitaa tupu, nao ukasikika kama wimbo wa kukaa kitako na kusikiliza. Rodgers akauvunja na kuujenga upya, ukawa ngoma. Huo ndio Let's Dance. Santuri kubwa yenye jina hilo ilimalizika kwa muda wa siku kama 17 mjini New York, nayo iliuzwa zaidi ya nakala milioni 10.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo kijana wa leo huenda asilijue. Katika siku zile muziki uliuzwa kwa santuri za namna mbili: santuri kubwa yenye nyimbo kama nane au kumi, na santuri ndogo ya kuutangaza wimbo mmoja uliochaguliwa kupelekwa redioni na madukani. Kila juma ilitangazwa orodha ya santuri ndogo zilizouzwa zaidi, na watu waliifuata kama wanavyofuata matokeo ya kandanda. Let's Dance ulishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani pia. China Girl na Modern Love zikafika nafasi ya pili Uingereza mwaka ule ule. Mwaka 1984 ukaja Blue Jean, ukafika nafasi ya sita. Mwaka 1985 Loving the Alien, uliokoma nafasi ya 19. Na mwaka huo huo Dancing in the Street, alioimba pamoja na Mick Jagger, ukashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1986 Absolute Beginners ukafika nafasi ya pili. Mwaka 1987 ukatoka Time Will Crawl, nao haukufika hata nafasi ya 30.

Basi hizo ndizo nyimbo zenyewe, na mashabiki wamegawanyika mbele yake. Wako wanaosema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kama mamilioni walinunua, mamilioni waliona wema. Wako wanaojibu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nyimbo zile zilipakwa rangi za kuvutia, lakini ukizigonga zasikika mti mkavu. Na wengine wananyamaza, wala si kwa kukosa la kusema.

Mimi nilikuwa katika hao walionyamaza. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulilala watatu chumba kimoja. Nilikuwa na kanda niliyoirithi kwa ami yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa karani na mpenzi mkubwa wa redio. Alikuwa akikaa usiku akizinasa nyimbo kutoka redioni na kuyaandika majina yake kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa kikarani uliosimama wima. Katika kanda hiyo zilikuwamo Let's Dance, Modern Love, Blue Jean na Absolute Beginners. Katika ugonjwa wake wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kukaa, mimi ndiye niliyeipiga kanda ile kando ya kitanda chake, naye kila mara aliutaka huo wimbo wa nne.

Mwenzangu mmoja chumbani alikuwa msikilizaji hodari. Alizijua kazi za Berlin kama mtu ajuavyo njia ya kwao. Aliponisikia nikiipiga kanda yangu alicheka, akasema, "Ndugu yangu, hizo ni nyimbo za sokoni. Mtu yule aliziimba apate fedha." Mwenzetu wa tatu, aliyekuwa kiongozi wa kwaya kanisani kwao, akamjibu, "Na wote walionunua ni wajinga?" Wakashikana kwa maneno mpaka taa zikazimwa. Mimi sikuwa na jibu. Kilichonikaba kooni hakikuwa hoja. Kilikuwa ni ami yangu. Niliitia kanda sandukuni, ikakaa humo majuma mengi.

Aliyeitoa humo ni yule wa kwaya. Jumamosi moja alituambia, "Leteni kanda, tuisikilize kama tunavyowasikiliza waimbaji wangu wanapojaribiwa." Akatuwekea sheria moja: hapana ruhusa ya kusema "nzuri" wala "mbaya" mpaka umesema umesikia nini. Kila wimbo tuliupiga mara mbili. Msomaji wangu, nakuomba uikumbuke sheria hiyo, maana ni ndogo lakini kazi yake ni kubwa. Asubuhi ile tulisikia mambo ambayo katika ugomvi wa usiku hakuna hata mmoja wetu aliyeyataja.

Katika Modern Love, yule wa kwaya alisikia mtindo aujuao tangu utoto: mwimbishaji akitoa neno, na waitikiaji wakilipokea na kulirudisha, kama ifanyikavyo kanisani na ngomani. Katika Let's Dance, yule mwenzetu mwenye dharau alisikia gitaa lililokuwa likilia juu ya ngoma ya furaha, akataka kujua mpigaji ni nani. Alikuwa Stevie Ray Vaughan, kijana wa Texas, mpigaji wa bluzi, ambaye Bowie alimsikia Montreux mwaka 1982 kabla ulimwengu haujamjua. Kumwita mpiga bluzi katika wimbo wa dansi si tendo la mtu anayefuata fedha kwa macho yaliyofumbwa. Juu ya Blue Jean alisema, "Ni wimbo mwepesi, lakini ulikusudiwa kuwa mwepesi, na umetimiza kusudi lake." Hiyo nayo ni haki, maana mtumbwi haulaumiwi kwa kutokuwa jahazi.

Tangu siku ile nimeyafikiri mabishano hayo mara nyingi, nami naona kwamba mizani zake ni tatu.

Mizani ya kwanza ni ya soko. Watu wa elimu huidharau, lakini si haki kuitupa. Wimbo unaopendwa na watu wa nchi nyingi, wenye lugha nyingi, una nguvu fulani ndani yake, na nguvu hiyo yastahili kuchunguzwa. Walakini tuitumie methali yetu kwa uangalifu. Imesema kwamba chema chajiuza. Haikusema kwamba kila kinachouzwa ni chema. Dancing in the Street ulishika nafasi ya kwanza, na bado ni mashabiki wachache wanaouweka mbele ya wengine. Hata hivyo wimbo ule ulitolewa kwa ajili ya kuwachangia watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa kwa njaa, na fedha zake zilikwenda huko. Kazi yake ilikuwa kutafuta chakula, nayo ilitimia. Kwa hiyo hata hapa mizani ya soko haisemi neno la mwisho: wimbo usio bora kwa ufundi waweza kuwa umefanya wema mkubwa kuliko ulio bora.

Mizani ya pili ni ya ufundi na maana. Hii huuliza: wimbo umejengwaje, na wasema nini? Hapa wale wa mkakasi wana jambo la kujibu. Filamu fupi ya Let's Dance ilipigwa Australia, na wahusika wake wakuu ni kijana na msichana wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Msichana aonekana akisugua barabara kwa mikono katikati ya magari, na kijana akikokota mtambo mzito mjini, huku wenye mali wakipita. Mamilioni walicheza ngoma. Na mbele ya macho yao iliwekwa habari ya watu waliodhulumiwa katika nchi yao wenyewe. Loving the Alien, ule uliokoma nafasi ya 19, wazungumza juu ya vita ambavyo wanadamu wamepigana kwa jina la dini tangu zama za Vita vya Msalaba. Time Will Crawl ulitungwa baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ya mwaka 1986, wakati upepo ulipoichukua sumu ile juu ya nchi za Ulaya. Je, hizi ni habari za mtu aliyekuwa akihesabu fedha tu?

Lakini mizani hii ya pili ina haki kwa pande zote mbili. Maana nzito haitoshi ikiwa umbo ni bovu. Nyimbo za mwaka 1987 zilifunikwa kwa vishindo vya mitambo na mapambo mengi, hata sauti ya mwimbaji ikawa kama mtu anayeita kutoka chini ya mizigo. Bowie mwenyewe aliziona kasoro hizo. Katika miaka iliyofuata alizisema vibaya kazi zake za wakati ule, na mwaka 1988 aliunda kundi la Tin Machine lenye muziki mkali, kana kwamba ataka kujitakasa.

Wanaozidharau nyimbo zile hulishika sana neno hilo. Husema, "Mwenyewe amezikana, wewe ni nani uzitetee?" Lakini mtunzi si hakimu wa mwisho wa kazi yake, na maneno yake tuyapime kwa matendo yake. Mwaka 2000, katika tamasha la Glastonbury, mbele ya umati mkubwa wa watu, aliimba China Girl, Absolute Beginners na Let's Dance. Mwaka 2003 aliuimba Loving the Alien akisindikizwa na gitaa moja tu. Akauvua mavazi yote ya mwaka 1984, na wimbo ukasimama wenyewe. Mwaka 2008 alichagua nyimbo chache alizozipenda katika kazi za maisha yake yote, na miongoni mwake aliweka huo Loving the Alien pamoja na Time Will Crawl, huu wa pili ukiwa umetengenezwa upya. Alifariki tarehe 10 Januari 2016, siku mbili baada ya kutimiza miaka 69. Na mwaka 2018 kazi zake za tangu 1983 hata 1988 zilipotolewa pamoja katika mkusanyo mmoja, jina lililopewa mkusanyo huo ni la wimbo ule wa nafasi ya 19. Basi mtu akikuambia kwamba jambo fulani limekwisha kuamuliwa, mwulize ni lini, na nani aliyeamua.

Mizani ya tatu ni ya moyo. Kwa mizani hii wimbo hupimwa kwa mambo ambayo msikilizaji ameishi nao. Mimi siwezi kuusikia Absolute Beginners bila ya kuuona mwandiko wa wino wa buluu. Hilo si hoja, wala sina haki ya kumtaka mtu mwingine aliheshimu wimbo kwa sababu ami yangu aliupenda. Lakini mwingine naye hana haki ya kulikanyaga. Mizani ya moyo haiwekwi mezani kuwapimia wengine. Huwekwa chumbani, na mwenye adabu hubisha hodi kabla ya kuingia.

Sasa huenda utaniuliza, msomaji wangu: baada ya maneno yote haya, wewe wasema upi? Nitajibu, maana mtu anayefundisha kuamua na mwenyewe akakataa kuamua ni kama mwalimu wa kuogelea anayeogopa maji. Nasema Absolute Beginners. Sitoi ushahidi wa moyo, natoa niliyoyasikia. Wimbo wenda polepole, wala hauoni haya kwenda polepole katika miaka iliyopenda haraka. Piano yake, iliyopigwa na Rick Wakeman, yapanda chini ya sauti kama mtu apandaye ngazi akimwangazia mwenzake. Maneno yake ni ya mpenzi anayekiri kwamba ni mgeni katika mapenzi, naye hajifanyi fundi. Na katika nyimbo za wakati ule, zilizojaa watu wanaojua kila kitu, ukiri huo ni kitu adimu. Filamu iliyotungiwa wimbo huo haikufanikiwa, lakini wimbo uliishi bila ya filamu yake. Hayo ndiyo nisemayo. Mwenzangu wa Berlin alisikiliza hoja zangu zote, akasema kwamba Modern Love waushinda kwa sababu furaha yake ina hofu ndani yake, na kuziweka hizo mbili pamoja ni kazi ngumu kuliko kuwa mpole. Sikuweza kumshinda, wala yeye hakunishinda. Lakini hakusema tena "nyimbo za sokoni". Alisema "wimbo ule" na "wimbo huu", na kila mmoja akautaja kwa jina lake. Nami nikaipata kanda yangu tena, nikawa naipiga chumbani bila ya kupunguza sauti.

Leo mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu huja na nyimbo zao, nyingine za Nairobi, nyingine za mbali, nyingi ambazo masikio yangu hayajazizoea. Najua ya kuwa neno moja la dharau kutoka kwa mtu mzima laweza kuifunga kanda ya mtoto sandukuni, na pengine asitokee mtu wa kwaya kuifungua. Tena mtoto anayeona haya kwa kile anachokipenda hujifunza upesi kukisifu asichokipenda, na hapo ndipo akili yake huanza kuwa mali ya watu wengine. Kwa hiyo huwawekea sheria ile ile: kwanza niambie umesikia nini. Mara nyingine, baada ya kusikiliza vizuri, mwanafunzi mwenyewe huugundua udhaifu wa wimbo aliouleta. Na mara nyingine hunionyesha mimi jambo ambalo peke yangu nisingalilisikia.

Nawe, kijana unayesoma, mabishano yatakujia tu, yawe juu ya nyimbo, au vitabu, au watu. Usiyakimbie, maana kubishana kwa haki ni shule. Lakini kabla hujafungua kinywa jiulize mizani uliyoishika ni ipi, na mwenzako ameshika ipi. Akizungumza juu ya soko, usimjibu kwa moyo. Akizungumza kwa moyo, usimjibu kwa hesabu. Usikidharau kitu kwa sababu wengi wakipenda, wala usikisifu kwa sababu hiyo. Toa ushahidi wa masikio yako, na umwache mwenzako autoe wa masikio yake. Na mkiisha kusikilizana, kila mtu na aende na wimbo wake.